Laptopu kuukuu inatosha kuwa seva ya nyumbani; kisichotosha ni nakala moja

Swali: *Kaka, hongera kwa kazi. Nina laptopu ya zamani: prosesa ni Core i5 kizazi cha 7, RAM gigabaiti 8, SSD gigabaiti 256. Nina pia diski ya nje ya terabaiti 4. Humo kuna filamu na katuni za watoto, kama terabaiti 1.5, pamoja na picha na video za familia kama gigabaiti 600, zikiwemo rekodi za sauti za marehemu baba yangu. Tuko watu watano. Nataka tutazame filamu kwenye runinga na simu, na simu zetu ziwe zinahamisha picha zenyewe maana zimejaa. Shemeji yangu anasema niachane na laptopu, ninunue kisanduku cha diski nne chenye RAID, kwamba ukishakuwa na RAID hakuna kinachopotea. Ni kweli? Na nikiwa safarini nitazionaje picha?*

Dada yangu, pole na simu kujaa. Nianze na lililo jepesi: laptopu yako inatosha, usiitupe. Shemeji yako ana nia njema, ila ile sentensi yake ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu namna hii. Tutaifikia.

Kugawa faili kwa watu watano hakuichoshi kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita. Kazi nzito ni moja tu: runinga isipoweza kusoma filamu jinsi ilivyo, seva, yaani laptopu yako, inalazimika kuigeuza papo hapo huku mtu anatazama. Hapo una bahati, kwa sababu chipu za Intel za kizazi cha 7 zina sehemu maalumu ya kazi hiyo, inaitwa Quick Sync, na inamudu H.264 na H.265, mitindo ya kubana video iliyozoeleka, hata H.265 ya biti 10 ambayo kizazi cha 6 kilikuwa kikihangaika nayo. Isichokijua ni AV1, mtindo mpya zaidi. Ukiwa na filamu za AV1, hakikisha runinga yenyewe inazisoma, la sivyo prosesa itavuma kama kikausha nywele.

Umeme pia uko upande wako. Laptopu iliyotulia hula wati 10 hadi 15. Tuseme 12, usiku na mchana, mwaka mzima: ni kama uniti 105. Kompyuta kuukuu ya mezani inayokula wati 60 ikiwa imekaa tu ingemaliza uniti 525 kwa mwaka huohuo.

Jambo la kuangalia kwa makini ni betri. Faida yake inajulikana: umeme ukikatika laptopu haizimiki. Lakini tazama diski yako ya nje. Kama ni ile nyembamba ya inchi 2.5 inayopata umeme kwa waya wa USB, itaendelea kuzunguka pamoja na laptopu. Kama ni ile nene ya inchi 3.5 yenye adapta yake ya ukutani, umeme ukikatika laptopu itabaki macho wakati diski imezimika katikati ya kuandika, na hilo wengi hawaligundui mpaka siku diski inapokataa kufunguka. Diski ya aina hiyo ichomeke kwenye UPS ndogo, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na ruta uichomeke hapohapo.

Ubaya wa betri ni kwamba ikikaa kwenye chaji miaka na miaka, huweza kuvimba. Weka laptopu juu ya meza tambarare uibonyeze pembeni. Ikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, au padi ya kipanya imeinuka, betri imeshavimba: itolewe bila kutobolewa, laptopu itumike kwa adapta peke yake, na hapo nayo iingie kwenye UPS. Kama ni nzima, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, utafute mpangilio wa kuzuia chaji isivuke asilimia 80, au hata 60. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi zinao. Na kwa kuwa mtoto atapita tu aifunge, kwenye Linux, mfumo nitakaokushauri uuweke, fungua faili `/etc/systemd/logind.conf` uandike `HandleLidSwitch=ignore`, ili kifuniko kikifungwa seva isilale.

Sasa, kabla hujanunua hata waya, gawa ulivyonavyo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo vikipotea utanuna siku mbili kisha utavitafuta upya: filamu, katuni. Fungu la pili ni vitu ambavyo dunia nzima vipo kwako tu: picha za watoto wakiwa wachanga, sauti ya baba. Kwa hesabu yako, terabaiti 1.5 ni za fungu la kwanza na gigabaiti 600 ni za la pili. Maana yake zaidi ya theluthi mbili ya mzigo wako haihitaji nakala ya akiba hata moja. Watu wanaogopa gharama ya akiba kwa sababu wanapiga hesabu ya kulinda kila kitu, wanashindwa, halafu hawalindi chochote.

Tuje kwa shemeji. Neno RAID lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz ya mwaka 1988. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali. Tatizo ni kwamba ukiwa na diski nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa unapanda, kwa hiyo wakaeleza namna ya kuweka data ya ziada ili moja ikifa nyingine zishike kazi. RAID ipo ili huduma isisimame. Kama duka la mtandaoni linapoteza mauzo kila dakika mfumo ukizimika, RAID ni lazima. Nyinyi filamu ikikatika Jumamosi jioni mtazungumza wenyewe kwa wenyewe mpaka kesho yake.

Isichokifanya RAID ni kukulinda na wewe mwenyewe. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye diski zote nne kwa sekunde ileile. Virusi vya kufunga faili na kudai fidia vikiingia kutoka kwenye kompyuta mojawapo ya nyumbani, vinazifunga kote. Radi ikipita kwenye umeme haichagui diski, na mwizi habebi diski moja kati ya nne, anabeba kisanduku. Katika kazi yangu nimeletewa visanduku vya namna hiyo mara nyingi, na sababu ya kawaida haikuwa diski kufa. Mtu alikuwa amefuta kitu, au amebonyeza kitufe cha kufuta yote na kuanza upya akidhani ni cha kuwasha upya.

Na usijaribu kutengeneza RAID kwa diski za USB zilizoning'inia kwenye laptopu. Waya ukitikisika sekunde moja, mfumo unadhani diski imekufa na unaanza kuijenga upya, kazi ya saa nyingi inayosoma diski zilizobaki mwanzo hadi mwisho. Fedha ya kisanduku cha diski nne, tumia sehemu yake ndogo kununua diski mbili za nje za terabaiti 2. Hicho ndicho ninachokutaka ununue, basi.

Mpango unakuwa hivi. SSD ya ndani inabeba mfumo na programu. Diski yako ya terabaiti 4 inabeba filamu na picha, na ndiyo inayotumika kila siku. Diski mpya ya kwanza inakaa hapohapo nyumbani ikipokea nakala ya picha kila usiku. Ya pili inakaa nje ya nyumba: kwa dada yako, kwa mama mkwe, kwenye droo ya ofisini, popote ambapo moto au mwizi wa kwako hafiki. Kila baada ya mwezi au miwili unazibadilishana, ya nje inakuja, ya ndani inakwenda. Hii ndiyo kanuni ya 3-2-1 ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza: nakala 3, vihifadhi vya aina 2, na 1 iwe mbali. Wewe aina zako zote ni diski za kawaida, na sitakugombeza kwa hilo. Ile 1 ya mbali ndiyo isiyo na mjadala.

Utauliza kwa nini nisikwambie upakie kwenye hifadhi ya mtandaoni. Piga hesabu. Kama intaneti yako inapandisha megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 600 zitachukua zaidi ya siku tano na nusu mfululizo, bila kukatika na bila mtu mwingine kuitumia. Diski iliyo kwenye mkoba inafika leo. Baadaye ukitaka, folda ya rekodi za baba peke yake iende mtandaoni ikiwa imefungwa kwa usimbaji fiche. Sauti ni nyepesi, haitakusumbua.

Tahadhari kabla ya kugusa diski ya terabaiti 4: kuna uwezekano mkubwa imepangwa kwa NTFS au exFAT, yaani namna za kupanga faili kwenye diski. Kwa seva ya Linux ningeipanga upya kwa ext4, namna ya Linux yenyewe, ambayo huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa faili na hivyo huamka vizuri zaidi baada ya umeme kukatika kuliko exFAT. Ila kupanga upya kunafuta kila kitu. Nunua diski mbili kwanza, nakili picha kwenye zote mbili, fungua faili chache kutoka kila diski uone zinacheza, ndipo uiguse ile kubwa. Filamu nazo uziegeshe kwenye nafasi iliyobaki: terabaiti 1.5 hazitaenea pamoja na gigabaiti 600 kwenye diski moja ya terabaiti 2, kwa hiyo zigawe pande mbili. Usishangae pia terabaiti 4 zikionekana 3.63, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024. Hujaibiwa.

Kwenye programu sitakaa sana. Weka Debian, aina mojawapo ya Linux, na juu yake openmediavault, programu ya kusimamia seva ambayo utaiendesha kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine. Yenyewe itakuwashia Samba, inayofanya folda za seva zionekane kwenye Windows, Mac na simu. Kwa filamu, Jellyfin: ni programu huria iliyojitenga na Emby, programu nyingine ya filamu, mwishoni mwa 2018 Emby ilipofunga msimbo wake, na haikudai akaunti ya mtu yeyote nje ya nyumba yako. Fungulia kila mtoto akaunti yake na uwawekee kikomo cha umri humohumo. Usisahau kuwasha Quick Sync kwenye mipangilio yake, haijiwashi yenyewe. Kwa picha za simu, Immich: mnaweka app kwenye simu, mkirudi nyumbani picha zinahamia. Kwenye iPhone mfumo unabana kazi za nyuma ya pazia, kwa hiyo zoeeni kuifungua app mara mojamoja. Immich huhifadhi majina ya albamu na nyuso kwenye hifadhidata yake. Hiyo nayo iingie kwenye akiba, la sivyo siku ya kurejesha utapata rundo la picha bila albamu.

Mtandao wa ndani una mtego mmoja ninaoupenda kwa sababu tiba yake haigharimu karibu chochote. Unganisha laptopu kwenye ruta kwa kebo, waifai waachie wanaotembea. Kisha nakili faili kubwa kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye kebo, uangalie kasi. Mtandao wa gigabiti hutoa takriban megabaiti 110 kwa sekunde, ingawa diski ndogo inaweza kuishia pungufu. Ukiona namba imegota kwenye 11 na haipandi wala haishuki, tatizo karibu kila mara ni kebo. Ndani yake kuna nyaya nane. Gigabiti inazihitaji zote, megabiti 100 inahitaji nne tu. Waya mmoja ukikatika kichwani, vifaa vinakubaliana kimyakimya kushuka kwenye 100 na taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Kwa kasi hiyo terabaiti moja ni siku nzima. Kwa gigabiti ni saa mbili na nusu. Badilisha kebo kabla hujamlaumu mtu. Kisha, kwenye ruta, itengee laptopu anwani ya kudumu, ili runinga isiitafute kila wiki.

Sasa akiba yenyewe, na hapa nikusimulie aibu yangu.

Zamani nilikuwa natumia rsync, chombo kizuri sana cha kunakili faili, kimetokana na Andrew Tridgell, yuleyule aliyeanzisha Samba. Kila saa nane usiku seva yangu ilikuwa inatekeleza amri ya kuifanya diski ya akiba ifanane na diski ya picha, ikiwemo kigezo cha `--delete`, yaani kilichofutwa huku kifutwe na kule. Usiku mmoja waya wa USB wa diski ya picha ulilegea. Diski ikachomoka kwenye mfumo, ila folda yake ikabaki pale ikiwa tupu, kama mlango wa chumba kisicho na kitu. rsync ikaamka, ikatazama chanzo, ikaona hakuna hata faili moja, ikaifanya akiba ifanane nacho. Asubuhi nilikuwa na akiba safi kabisa ya utupu. Picha zilipona kwa sababu diski ya picha yenyewe haikuwa na tatizo lolote, ulikuwa waya tu. Ingekuwa imeungua usiku huo, nisingekuwa na la kusema.

Kutokana na hapo nafanya mambo mawili. Kwanza, amri ya akiba haianzi bila kuhakikisha diski ipo. Ni mstari mmoja:

`mountpoint -q /srv/picha || exit 1`

Weka mwingine kama huo kwa diski ya akiba, maana ikichomoka hiyo, nakala zitaanza kumwagika kwenye SSD mpaka ijae na seva igome. Njia za folda zibadilishe ziendane na za kwako.

Pili, niliacha akiba ya kufananisha, nikahamia restic, programu nyingine ya akiba. Yenyewe kila usiku hupiga kama picha ya hali ya folda zako na kuitunza peke yake, huku kisichobadilika kikihifadhiwa mara moja tu. Faili ikiharibika Jumanne ukagundua mwezi ujao, unaomba nakala ya kabla haijaharibika. Kanuni ya kutunza ninayotumia ni hii:

`restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 12 --prune`

Siku saba, wiki tano, miezi kumi na miwili. Kila kitu kimefungwa kwa nenosiri, kwa hiyo diski ya kwa mama mkwe hata ikiibwa haimsaidii mwizi. Upande wa pili wa hilo ni mkali: nenosiri likipotea, hakuna fundi wala kampuni itakayolifungua. Liandike kwenye karatasi mbili, moja ikae mahali unapoweka vyeti, nyingine umpe mtu unayemwamini. Usilihifadhi kwenye seva hiyohiyo. Nimeona watu wakifanya hivyo, ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya sanduku.

Diski hutoa dalili kabla ya kufa, si zote, lakini nyingi. Kwenye openmediavault washa ukaguzi wa SMART, yaani diski kujipima afya yake, na uiambie ikutumie barua pepe. Usisumbuke na safu nzima ya namba. Angalia ya 5 na ya 197: sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri. Zikiwa sifuri, lala. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine usingoje. Ya 199 ikipanda peke yake, mara nyingi ni waya.

Kuhusu safarini. Utakutana na maelekezo ya kufungua milango kwenye ruta ili seva ionekane kutoka intaneti. Usifanye, na Samba usiifungue nje kamwe. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia kwa kupitia tundu kwenye itifaki hiyohiyo ya kugawa faili, SMB, upande wa Windows, na roboti zinazogonga milango ya watu hazijapumzika tangu hapo. Njia nzuri ni WireGuard, handaki la siri ambalo limo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6 la 2020. Simu yako inaingia kwenye handaki, na kwa seva inaonekana kama uko sebuleni. Kikwazo ni kwamba watoa huduma wengi huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, hivyo nyumba yako haifikiki kutoka nje hata ukitaka. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, tumia Tailscale: ndani yake ni WireGuard ileile, ila yenyewe inatafuta njia ya kupenya. Picha utaziona vizuri. Filamu itategemea kasi ya kupandisha ya nyumbani, kwa hiyo za safari ni afadhali uzipakue kwenye simu kabla ya kuondoka.

Ukishamaliza yote, usifute picha kwenye simu bado. Subiri mzunguko mmoja upite, diski ya nje iende na kurudi. Kisha chukua kompyuta nyingine, siyo seva, chomeka diski ya akiba, weka restic, chapa nenosiri kutoka kwenye ile karatasi, na urejeshe kitu kimoja: rekodi mojawapo ya baba. Ikifunguka na sauti ikasikika mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo uanze kupunguza mzigo wa simu. Isipofunguka, niandikie maneno ya kosa jinsi yalivyotokea kwenye skrini, neno kwa neno, na uniambie diski ni ya inchi ngapi.